Maji ya Mtungi wa Jeppestown

Jikoni kwenye mgahawa wa mama Mchina niliyemfanyia kazi, kule Jeppestown, kitu nilichokatazwa kugusa kilikuwa kimoja tu: mtungi. Ulikaa kando ya sinki, mweusi, unanifika magotini. Mdomo wake umezungukwa na mfereji mdogo. Mfereji ule unajazwa maji, na kifuniko kinakaa ndani ya maji hayo ili hewa isipenye. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi, tangawizi, pilipili na mboga zinazochachuka. Maji yale hayamwagwi. Unatoa kabichi iliyoiva, unatia nyingine, na maji yanabaki yale yale mwaka hadi mwaka, yanazidi kukolea. Aliyaanzisha alipoingia Johannesburg, bado ana nywele nyeusi. Mfereji ukikauka, yanaoza. Mafuta yakiingia, hata tone, yanaoza.

"Mafuta, kifo," aliniambia, kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi mwenyewe.

Yeye ni mtu wa Sichuan, ambako pilipili haijatosha mpaka ulimi ufe ganzi. Mimi ni wa Uvira, Kongo. Kwa pilipili tulielewana kabla ya maneno. Wachina wa Cyrildene, mtaa wao hapo jijini, aliokuwa akiwajua wametoka Fujian, watu wa pwani, wa samaki na supu nyepesi, nao walimcheka kwamba analisha watu moto. Wakaja, wakala, wakafuta jasho. Baadaye nikaenda huko kwao nikakuta samaki wao analala juu ya kabichi ya mtungi wetu. Mpishi mmoja wa kaskazini, ambako hawapendi wali kama maandazi ya kuchemsha yenye nyama ndani, alianza kutia kabichi hiyo hiyo katika maandazi yake. Mafundi magari wa Kikongo waliila kwetu na bukari, ugali wa kwetu. Wazulu wa hosteli ya wafanyakazi waliila na pap, ambayo ni bukari ile ile, ila hawakubali.

Halafu watu wa hosteli wakaacha kuingia. Hawakugombana na mtu. Waliacha tu, mmoja mmoja, na baadaye tukawaona ng'ambo ya barabara, wamesimama, wanatazama mlango. Spaza, kiduka cha Mrundi mmoja pale kona, ilikutwa asubuhi imefungwa kwa kufuli ambalo si lake. Hakuuliza ni la nani. Alihama na watoto. Mlinzi wa jengo letu akatuambia maandamano ya kutaka wageni waondoke yatapita hapo, tufunge. Mama Mchina akafunga, akaniachia funguo, akaenda kujihifadhi Cyrildene. Mimi nikabaki nyumbani kwangu, mtaa wa Rosettenville.

Joto la wiki ile lilikuwa la kukausha nguo zikiwa bado mkononi. Akanipigia simu.

"Dada, mfereji wa mtungi."

"Nimeufikiria."

"Bila maji yale sina mgahawa. Nitapika kama mtu yeyote."

Yeye asingeweza kufika; uso wake unaonekana toka mbali. Uso wangu unapita, mpaka nifungue mdomo. Nikamwambia mwanangu alete bakki yake, ile pikapu, na chombo safi chenye kifuniko. Kujaza mfereji tu kusingetosha, joto lingeukausha tena; na mtungi wenyewe ungepasuka njiani, kwa hiyo tungehamisha maji.

Tulifika mchana. Barabara ilikuwa tupu, karakana zote zimeshusha milango ya chuma, hata mbwa sikumwona. Mfereji ulikuwa na maji kidogo bado, wembamba wa uzi. Mwanangu akaanza kuchota. Mimi nikasimama mlangoni, na hapo wakaja vijana watatu.

"Gogo, unafungua duka la nani?" aliuliza wa mbele, akiniita bibi kwa Kizulu.

"La mwenye nalo."

"Mwenye nalo yuko wapi?"

"Kwani mimi mume wake?"

Mmoja akacheka. Wa mbele hakucheka. Alinisikiliza lafudhi, nikamwona anaisikiliza.

"Wewe nawe si wa hapa."

"Mimi ni mzee wa kukuzaa. Anza na hilo."

"Mnatoa nini humo ndani?"

"Maji ya kabichi. Ingia unywe."

Harufu ilikuwa imeshafika mlangoni. Wa nyuma akaziba pua, kisha akasema polepole, "Ah, ile chachu. Nilikuwa nakula hapa mimi." Wa mbele akaweka kiganja juu ya mlango, akaugonga kidogo kama mtu anayepima mbao.

"Maliza, gogo. Na mwambie asisumbuke kurudi."

Tuliondoka. Kwenye roboti ya kwanza, taa za barabarani, nikageuka kutazama nyuma ya kiti. Chombo kilikuwa bidoni ya njano, dumu la plastiki.

"Hiyo ilikuwa ya nini?"

"Ya maji, mama."

"Kabla ya maji."

Kwetu bidoni ya mafuta ya kupikia haitupwi. Inachota maji, inabeba mafuta ya taa, inakuwa kiti cha mgeni. Mtoto wangu amekulia juu ya bidoni hizo. Chombo safi kwake ndicho hicho.

"Niliiosha kwa sabuni, mara nyingi."

"Nilikwambia safi."

"Ni safi, mama."

Roboti ikawaka kijani. Gari la nyuma likapiga honi, naye hakusogea.

Huko Cyrildene nilimwambia mama Mchina habari ya bidoni kabla hajauliza. Hakupaza sauti. Alimimina maji kwenye bakuli jeupe akalisogeza dirishani. Juu yake vilielea vijiduara vidogo, vinang'aa.

"Labda," alisema.

"Labda," nikamjibu.

Baada ya siku chache akaniita. Utando mweupe ulikuwa umetanda, na harufu haikuwa ya chachu tena, ilikuwa ya kitu kilichofia ukutani. Aliyamwaga mwenyewe kwenye mtaro wa uani, akasimama mpaka yakaisha kushuka. Mwanangu alikuwa getini, hakuthubutu kuingia.

"Tuanze mengine," nilisema. "Chumvi ipo, kabichi ipo."

"Mimi mzee, dada. Maji yale miaka mingi."

Akaninyooshea mkono. Nilidhani anataka kuushika wangu. Alitaka funguo za mgahawa.