Simu Ndogo za Kalerwe Hazikupiga Kura

Saa mbili na nusu asubuhi Docus Alum yuko kazini, lakini hajakaa. Anaizunguka meza yenye simu kumi na moja, anagusa moja, anahesabu sekunde kwa midomo, anaandika, anahamia nyingine. Ya nne ina ufa kutoka pembe hadi pembe. Ya saba imefungwa kwa mpira wa kufungia noti ili betri isidondoke.

"Hii inawaka moto kabla ya chai," anasema, akiilaza ya tano juu ya sahani ya bati ipoe.

Docus, mwenye umri wa miaka 31, ni mjaribu wa michezo ya simu katika kampuni ya watu sita iliyopanga vyumba viwili Ntinda, juu ya duka la dawa. Kazi yake ni kuhakikisha mchezo wao, Soko la Mvua, unachezeka hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Mchezaji ana kibanda cha mboga. Mvua inanyesha, mtaro unafurika, naye anapaswa kuokoa bidhaa kabla maji hayajamfikia. Mchezo una wachezaji 41,000. Kazi hiyo humpatia Docus shilingi 900,000 kwa mwezi, na Ijumaa hii huenda akaambiwa haihitajiki tena.

Chanzo ni kura.

Mwezi uliopita mwenye kampuni, Khisa, Mkenya kutoka Bungoma, aliwatangazia wachezaji kwamba wao ndio wataamua: mchezo ubaki na sura yake nyepesi, au upewe sura mpya yenye picha za kung'aa, ambayo simu ndogo haziwezi kuibeba. Aliahidi hadharani kufuata watakachosema. Watu 6,200 walipiga kura ndani ya mchezo. Asilimia 78 walitaka sura mpya.

Siku moja baada ya kura kufungwa, Docus aliufungua ukurasa wa kura kwenye simu zake za mezani. Kwenye simu sita ndogo ulitoka mweupe, mtupu. Picha za mfano zilizowekwa humo zilikuwa nzito mno. Alipochambua takwimu, aliona kwamba kati ya wachezaji 23,000 wenye simu za aina hiyo, waliofaulu kupiga kura ni 94.

"Kosa ni langu," anasema bila kuzunguka. "Gemu niliipima siku kumi na nne. Ukurasa wa kura sikuupima hata dakika moja. Niliona ni karatasi tu."

Alilelewa katika kambi ya polisi, binti wa sajenti kutoka Lira. Nyumbani simu ilikuwa moja, watoto sita. "Kila mtu na zamu yake, dakika kumi. Ukifuta kitu cha mwenzako, unapelekwa kwa afande," anasema, akimaanisha baba yake. Simu kubwa ya kwanza aliishika akiwa na miaka 24.

Khisa hakuipokea vizuri habari ya ukurasa mweupe. Docus anayakumbuka mazungumzo yao.

"Nikifuta kura kwa sababu mjaribu wangu hakupenda matokeo, wachezaji wataniitaje?"

"Matokeo ni yao, bosi. Mimi nasema daftari la wapiga kura lina shimo la watu elfu ishirini."

"Na wewe hapo ni msajili au mgombea?"

Swali hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa la haki. Simu ndogo zikiondolewa, meza yake inaondoka nazo. "Namsikiliza, lakini kwa sikio moja," anasema Khisa. "Ana maslahi." Docus hakatai. Alipewa hadi Ijumaa hii kuleta ushahidi.

Jumamosi alikwenda Kalerwe, kwenye soko ambalo mchezo wenyewe umelichora. Alibeba simu mbili, moja yenye sura ya zamani, nyingine mpya. Aliziweka juu ya makreti mawili, akawaomba wachezaji wapange mstari nyuma ya simu waitakayo, kama wafanyavyo siku ya kumchagua mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wao.

Watu 49 walijipanga. Thelathini na saba walisimama nyuma ya sura mpya. Wa kwanza mstarini alikuwa Vera Aluoch, muuza nyanya mwenye simu ndogo kuliko zote pale, mtu ambaye Docus alidhani anampigania.

"Anti Vera, hiyo simu yako haitaibeba."

"Umeuliza napenda ipi. Hizi nyanya zinang'aa. Zile zenu za zamani zinakaa kama vitunguu. Mimi nauza nyanya, nitachagua vitunguu?"

Mstari ukacheka.

"Kama ulikuwa na jibu lako," Vera akaongeza, "si ungelisema tu, utuache na wateja?"

Docus aliandika namba kwanza: 37 kwa 12. Kisha akaiomba simu ya Vera, akajaribu kuingiza sura mpya. Simu ikakataa. Nafasi haitoshi, zifutwe picha 400. Vera akazipitia kwa kidole. Nyingi zilikuwa za matanga ya mama yake huko Siaya.

"Hizi sifuti," akasema, na kutoka mstarini. "Naweza kuvuka, ama LC ameshafunga kura?"

Wengine nao wakataka kujaribu. Kila simu ilikula dakika ishirini. Malori ya ndizi za matoke yalipoingia, mistari ikavunjika, kila mtu akakimbilia mzigo wake. Watu wanne tu walikuwa wamejaribu. Watatu walihama, mmoja alibaki na sura mpya, akisema simu atanunua.

"Wanne si kura," anasema Docus. "Na wale 37 siwezi kuwaficha. Nimempa bosi namba zote."

Pamoja na namba alimpa pendekezo: wachezaji wapewe wiki moja kuijaribu sura mpya kwenye simu zao wenyewe, ndipo waulizwe. Khisa hajakubali. Amesema atalifikiria kwa sharti moja, kwamba kabla ya Ijumaa ukurasa wa kura ufunguke kwenye simu zote kumi na moja. Leo ni Jumanne.

"Wakiijaribu na bado wakaitaka, meza hii nitaifungasha mwenyewe," anasema. "Lakini niondolewe na wote, si na wenye simu kubwa peke yao."

Anaigusa simu ya kumi, ya aina ileile ya Vera. Skrini ni nyeupe. Sekunde tatu, nne, tano. Sekunde ya sita, ukurasa unafunguka. Hauna picha hata moja, una swali tu: Umeijaribu?

Docus anaandika sita na kuivuta ya kumi na moja.