Faksi ya Mutunga

Mwaka 1993 Mutunga ndiye pekee aliyekuwa na mashine ya faksi pale Malili, na kiburi chake kingetosha mashine kumi. Aliwahi kuwa katibu wa kanisa, akaondolewa kwa kutoboa siri za waumini. Ukimletea karatasi, aliisoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia, kisha akaiingiza maandishi yakiwa juu ili aendelee kusoma ikimezwa. Nilimdharau, lakini tungeenda wapi?

Syombua, mshonaji wa duka la pili, aliwahi kumwonyesha kipicha kilichochorwa kwenye mashine.

"Mutunga, si hii picha inaonyesha karatasi imelazwa uso chini?"

"Mama, wewe shona marinda. Hii ni kazi ya watu wamesoma."

Kila mara mashine ilitoa kikaratasi cha OK, naye akakigonga muhuri. Majibu hayakuja. Lakini wengi wetu tuliandikia ofisi, na ofisi hazikuwa zikitujibu hata zamani.

Mzee Mutie yeye alimwandikia mwanawe Mwangangi, karani wa kampuni moja Mombasa. Alikuwa amemfukuza nyumbani kwa kumwoa Esha, msichana Mwislamu wa Kitui. Sasa kifua kilimsumbua na alitaka kumwona kabla hajafa.

"Mwanangu, nilikosea. Njoo na Esha na mtoto," Mutunga akasoma kwa sauti ya mahubiri. Akatikisa kichwa. "Mzee, tangu lini mtoto anaombwa msamaha?"

Mzee akainama, watu wakimtazama. Nilitamani kumzaba Mutunga kofi.

Ikaenda barua ya pili, ikaenda ya tatu. Kimya. Mutunga akatangaza soko zima kwamba Mwangangi ana roho ngumu, na mzee akaanza kuamini.

Asubuhi moja ya Novemba mashine ikalia, mzee akiwa benchini. Mutunga akang'oa karatasi, akakohoa, akasoma kama kawaida yake:

"Baba, nimepata karatasi tatu kutoka kwa faksi ya Mutunga, Malili. Zote ni nyeupe, hazina hata neno. Nimeelewa. Sitakusumbua te..."

Akaikunja karatasi kabla ya kumaliza.

"Laini za simu ndizo mbaya," akasema.

Mzee akatoa kotini barua yake ya tatu. Syombua, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaichukua, akailaza uso chini, akabonyeza namba ya Mwangangi. Ikapita bila kusomwa na mtu. Tuliona mgongo wa karatasi tu, mweupe.

Hata saa haikuisha, simu ikalia. Mutunga akaidaka.

"Ni Mwangangi. Anataka mzee."

Mzee Mutie akashika mkono wa simu, lakini hakuuweka sikioni kwanza.

"Mutunga, toka nje kidogo."

"Mzee, hili duka ni langu."

"Toka."

Akatoka, akasimama juani pamoja nasi. Syombua akaufunga mlango.