Mwanamume Hazikwi Ukweni

Wasifu wa baba ulisomwa msibani kwa robo saa nzima, na mama alipata nusu sentensi. Muda uliobaki wote ulikwenda kwa mabomba. Baba alikuwa mhandisi wa maji, mstaafu, na binamu yangu aliyeuandika wasifu ule alitaja kila mradi aliousimamia, kuanzia milima ya Mbeya hadi vijiji vya Iringa: vyanzo, matangi, kilomita za mitaro. Kisha akasoma kwamba marehemu alikuwa na mke, aliyemtangulia mbele ya haki. Basi. Akageuza ukurasa.

Hasira ile nimekaa nayo mwaka wa pili sasa. Ningependa kuumwagia ukoo wa baba yote, lakini sehemu kubwa ni yangu mwenyewe.

Mama alipatwa na kiharusi mwaka uleule baba alipostaafu. Upande wa kulia ukafa. Aliomba jambo moja tu, kurudi kwao, kijiji kimoja juu ya Ilula, Iringa, kwa ndugu zake. Baba alifunga nyumba ya Mbeya wakahama. Ukoo wake haukumsamehe. Mwanamume kuhamia ukweni! Baba mkubwa, kaka yake, alicheka mbele za watu: "Injinia wetu kaolewa." Shangazi hakucheka. Yeye alisema wazi kwamba ni limbwata, wale watu wamemlisha kaka yake, na kwamba mganga angelitoa kama sisi watoto tungekuwa na akili.

Nami nilikwenda kuliona hilo limbwata. Nilikuta baba amefunga bomba la chuma ukutani, kutoka kitandani kwa mama mpaka chooni, la kushikilia. Alikuwa amepima urefu wa mkono wa mama kwa futi, akalisugua bomba kwa msasa siku mbili lisimkwaruze. Mlangoni alimwaga zege la mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu, akakikalia yeye kwanza, akapanda na kushuka mpaka majirani wakadhani ndiye mgonjwa. Halafu akajifunza kusuka. Mzee mwenye mvi, mkewe kakaa kwenye kigoda katikati ya magoti yake, anamsuka mtindo wa twende kilioni.

"Mistari imenyooka hivi," mama aliniambia kwa ule mdomo wake uliokwenda upande, "nadhani kaweka na pimamaji."

"Pimamaji inasema kichwa chako ndicho kimepinda," baba akajibu, akaendelea kusuka.

Nilicheka nao, lakini niliona haya. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, Mbeya. Mafundi wanaonunua kwangu, wengi waliwahi kufanya kazi chini ya baba, na kila mara waliuliza, "Injinia siku hizi yuko wapi?" Niliwajibu kwamba yuko Iringa, ana kazi za ushauri. Kazi za ushauri! Mtu anasuka nywele.

Waliishi hivyo miaka sita, kisha mama akafa. Kaburi baba alilijenga mwenyewe, hakuruhusu fundi aguse mwiko. Alilijenga la vyumba viwili, ukuta mmoja katikati, na chumba cha pili akakifunika kwa mfuniko wa zege. Tulipomaliza kuzika alituita pembeni mimi na mjomba, kaka yake mama.

"Hiki cha pili ni changu," alisema. "Ukuta wa katikati nimeufanya mwembamba makusudi." Kisha akanishika bega. "Ukoo watakuja na yao. Mjomba wako hapa ni shahidi tu, shemeji hana sauti kwetu. Wewe ndiye mkubwa. Neno nakuachia wewe."

Nikasema, "Sawa, baba."

Alikaa pale miaka mitatu mingine, peke yake, hakukubali kurudi Mbeya. Mwaka juzi kifua kilimzidi nikamleta mjini kutibiwa, akafariki siku ya tano. Nilimpigia mjomba. "Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa kilugha chao, akalia, halafu akajikaza. "Sisi tunafunua ule mfuniko leo, tunasafisha. Mleteni."

Asubuhi iliyofuata ukoo ulikaa kikao nyumbani kwangu, chini ya turubai. Baba mkubwa alisema kwa utulivu, maana jambo alikuwa amekwisha kulimaliza kabla hajatoka kwake. "Mwanamume hazikwi ukweni. Tukimzika kule, watoto wake watakuwa wa nani? Mizimu itamtafuta wapi?" Ni mzee wa kanisa huyu, anapitisha kapu la sadaka kila Jumapili, lakini siku ile mizimu ilimjia haraka. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe ndiye mkubwa wake. Ndugu yangu alikuachia neno lolote, pa kumzika?"

Watu wote walinitazama. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na mvi kidevuni. Nilijua kwamba nikisema ndiyo watanung'unika, watatishia kususa, na mwisho watakubali, kwa sababu neno la marehemu hakuna anayethubutu kulivuka. Nilijua pia watakalosema wakitawanyika, kwamba baba aliolewa na mtoto naye kaolewa. Na nisijifiche nyuma ya aibu peke yake: kusafirisha mwili mpaka kule ni siku nzima barabarani, nilikuwa nimechoka, na makaburi ya ukoo yako nusu saa kutoka kwangu.

"Hapana, baba," nikasema. "Hakuniachia neno."

Baba mkubwa aliitikia kwa kichwa. Shangazi akashusha pumzi na kuanza kupanga watu wa kupika.

Tulimzika siku ya tatu, nyuma ya nyumba ya babu, katikati ya watu waliomcheka. Kaburi walilichimba limepinda, nililiona kwa macho tu, bila pimamaji. Nilitaka kuwakaripia, lakini kwa mdomo upi?

Ujombani sikuwapa taarifa mimi kwamba haletwi tena. Nilimwachia shangazi, naye akawatumia ujumbe wa simu. Siku iliyofuata mjomba alinipigia. Nilijiandaa kutukanwa, na ningeshukuru.

"Kamwene, mwanangu," alisema. "Nikueleze tulichofanya, usije ukasikia kwa watu. Sisi hapa kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, litaita mwingine. Basi tumekata mgomba, tumeukata kimo cha baba yako. Mke wangu akasema hatuwezi kuuweka uchi, tukauvika koti lake la kazini. Tumeuzika pale kwa dada. Watu wamelia, we acha tu." Kisha akauliza, "Na ninyi, mmemzika salama?"

Nikamjibu kwamba tumemzika salama. Alikuwa amesimama palepale siku baba aliponiachia neno, alilisikia kwa masikio yake, na hakuniuliza nimelipeleka wapi.