Kiti Nilikiacha, Maji Yakanishika

Akina mama wa usharika mmeniomba nieleze mara ya pili, safari hii kwa kuandika, maana mara ya kwanza nilisimama mbele yenu nikalia tu. Sijui kama nitaeleza sawasawa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kupiga chapa nilijifunzia kazini.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shirika moja mjini Same. Kiti kilikuwa changu, chenye mto niliofuma mwenyewe. Lakini mshahara ulichelewa mpaka tukausahau, na ulipokuja, sukari ilishapanda. Madukani vitu vilivyokuwa vimeadimika vilirudi, sisi hatukuwa na cha kuvinunulia. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikarudi kijijini kwetu Kisiwani kulima vitunguu.

Baba Tumaini, mume wangu, hakupenda. "Wenzako wanakitafuta hicho kiti, wewe unakwenda kushika jembe?" Nikamjibu vitunguu havichelewi kama mshahara. Nilijibu kwa kiburi, nakubali.

Kwetu maji ya shamba hukusanywa usiku kwenye bwawa la udongo, ndiva, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Bwawa likijaa tope, pembe hulia, kila nyumba hutoa mtu kulizoa. Ndio msaragambo. Nyumba isiyotoa mtu hupoteza zamu ya maji.

Siku yangu ya kwanza walinicheka. "Karani, hili tope utalipiga chapa?" Mwingine akasema, "Mleteeni kiti chake!" Nami nikaingia mpaka kiunoni. Wengine walipotoka kula makande mimi nilibaki majini, nikitupa tope nje, ili waone. Hakuna aliyenilazimisha. Jioni miguu iliniwasha nikajikuna mpaka ngozi ikachubuka. Nikasema ni nyasi.

Miezi ikapita. Nikaanza kuchoka bila kazi. Kukojoa kukawa moto, na mwishoni damu. Kwanza matone, baadaye mkojo wote ukawa mwekundu. Nilidhani hedhi imevurugika kwa kazi nzito. Nikawa nafunga kitambaa, nafua kwa siri nyuma ya nyumba. Nilitumia majani aliyonipa mama mkwe. Hakukosea yeye, nilimwambia ni hedhi.

Baba Tumaini akaviona vitambaa. Alisimama mlangoni.

"Mama Tumaini, huu ugonjwa umeutoa wapi?"

"Sijui."

"Hujui. Ofisini mlikuwa na wanaume wangapi?"

Kwa haki niseme, hata mimi nisingejua la kufikiri kama ningekuwa yeye. Lakini toka siku hiyo alihamishia godoro lake sebuleni.

Pembe ikalia tena. Vitunguu vilikuwa vimeanza kujaza, vikikosa maji vinakufa. Na vikifa, nilikuwa nimeacha kazi bure. Nilikuwa na homa, tumbo la chini linanikata. Nikamwomba aende yeye.

"Kiti ulikiacha mwenyewe," akasema, "na tope nenda mwenyewe."

Nikaenda. Nilizoa kidogo, macho yakaingia giza, nikaanguka humo humo. Wale wale walionicheka ndio walionitoa, wakanibeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata lori la Same.

Daktari hospitalini aliniuliza kwanza kazi yangu. Nikasema karani. Akatazama miguu yangu.

"Mama, karani gani ana miguu hii?"

Nikamweleza yote. Akapima mkojo, akarudi anatikisa kichwa. "Damu hii siyo ya uzazi, inatoka kwenye kibofu. Ni kichocho. Si ugonjwa wa zinaa. Mnakojoa humo humo mnamosimama, konokono wanapokea vimelea vya mkojo huo, kisha vinawarudia ninyi kupitia ngozi. Na wewe ulijichelewesha."

Nilimeza vidonge vikubwa vichungu, nikatapika, nikashikwa na kizunguzungu. Baada ya siku chache mkojo ukawa wa rangi yake. Nililia chooni peke yangu.

Niliporudi, vitunguu vilikuwa vimekauka. Zamu yangu haikufutwa, nilikuwa nimetokea msaragamboni, ila hakuna aliyenifungulia maji. Baba Tumaini nilipomweleza ni kichocho alisema, "Basi tumshukuru Mungu," akarudisha godoro. Neno la samahani hakuliongeza. Nimelingoja neno hilo, labda nakosea kulingoja.

Nimepanda tena. Ofisi ile nayo ilifungwa, wenzangu wakapunguzwa. Sisemi niliona mbali, mimi nilikimbia njaa tu. Siku hizi msaragamboni nabeba mawe ukingoni na kupika makande. Wanasema karani amekuwa mvivu. Na waseme.

Namshukuru Mungu, daktari, na walionibeba. Nanyi, mkiona damu msiipe jina wenyewe. Nendeni mkapimwe.

Kazi ya tope sasa anaifanya Baba Tumaini. Nilimsihi asikae majini muda mrefu, akasema hawezi kuchekwa na wanaume wenzake. Juzi alinifuata jikoni, sauti chini kabisa.

"Mama Tumaini, hebu njoo uone."

Nikaenda nikaona. Mkojo wake ulikuwa mwekundu.

Kesho yake nilimpeleka Same mwenyewe. Njia nzima swali lake la ofisini na wanaume lilinijaa mdomoni, nimgeuzie yeye: huu ugonjwa umeutoa wapi? Nililimeza. Lilikuwa chungu kuliko vile vidonge, na sijui bado kama nilifanya vizuri.