Siku Tabia Alipoitwa Kutafsiri Kifo

Tabia alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako mtoto huanza kugombana kwa Kiswahili kabla hajajua lugha nyingine. Johannesburg alikuja na mume. Mume akaenda zake Cape Town asirudi, naye akabaki na chumba cha kupanga mtaa wa La Rochelle na kazi ya usafi katika hospitali moja ya mjini. Kicheko hakikuwa mbali naye, na manesi walimpenda. Akiletwa Mkongo au Mrundi asiyejua Kiingereza, aliitwa Tabia, aweke ndoo chini aje kutafsiri. Unaumwa wapi? Umekula nini? Hayo aliyamudu.

Jumanne moja aliitwa wodi ya mahututi. Kitandani alilala kijana aitwaye Exaucé, mlinzi wa duka kule Turffontein, aliyegongwa na teksi akivuka barabara kwenye robot, zile taa za kuongozea magari. Kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji, mpira wa hewa umeingia kinywani, na mashine ilikuwa ikimpulizia pumzi. Kifua kilipanda, kikashuka. Mama yake, Hélène, mwenyeji wa Uvira, alikuwa ameung'ang'ania mkono wake.

Daktari, mwanamke mpole, akasema taratibu: "Mwambie mama kwamba mimi na mwenzangu tumempima. Ubongo wake wote umekufa. Maana yake mwanawe amekufa."

Tabia alidhani amesikia vibaya. Akakitazama kile kifua. "Daktari, huyu hapa?"

"Huyu. Inayopumua ni mashine."

Hélène alikuwa akimkodolea macho, anangoja. Tabia akasikia mdomo wake ukisema: "Mama Exaucé, wanasema ubongo umeumia sana. Amelala usingizi mzito."

"Bwana asifiwe!" Hélène akapiga simu kanisani kwao Yeoville, watu wafunge na kuomba. Daktari alishangaa kidogo, akajiambia kila watu wana namna yao ya kupokea msiba, akatoka.

Punde akaingia nesi mmoja, akampa mama pole, kisha akamgeukia Tabia. Kuna wagonjwa wanaongoja figo, wengine wanangoja moyo. Je, mama angekubali mwanawe awasaidie? Tabia alitafsiri kwa mazoea, neno kwa neno, na alipofika kwenye moyo ndipo alipoona shimo alilolichimba.

Hélène akapiga yowe, akajitupa juu ya mwanawe. "Mumpasue mtoto akiwa usingizini? Dada, wewe mtu wa kwetu, unaniletea wachinjaji?"

Manesi wakaja mbio. "Eish, Tabia! Umemwambia nini?"

Tabia alipiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Exaucé amekufa. Walisema tangu mwanzo, neno likanishinda."

Hélène hakulia. "Maiti haina joto," alisema. "Mguse."

Daktari alirudi, akaelezwa yote. Hakumkaripia Tabia. Alimuuliza mama kama angependa kuona kipimo kwa macho yake, naye akakubali. Wakaitenga mashine kwa muda, mpira ukabaki unapitisha hewa tu bila kumpulizia, na Hélène akaweka kiganja kifuani.

"Pumua, papa," alimwambia mwanawe. "Pumua kidogo tu."

Kifua hakikunyanyuka. Tabia mwenyewe alijikuta amebana pumzi.

Mashine iliporudishwa, Hélène akasema hatatoa kiungo chochote. "Waambie si kwa roho mbaya. Hao wanaongoja wanisamehe." Nesi akamshukuru, akasema hakuna anayelazimishwa. Mama aliomba jambo moja tu: mashine isizimwe mpaka binti yake, Héritière, afike kutoka Pretoria.

Héritière alifika Jumatano asubuhi. Wakaomba, mashine ikazimwa. Lakini kwenye skrini moyo uliendelea kupiga peke yake, ukapiga, ukapungua, ndipo ukasimama. Jana Tabia alisema Exaucé amekufa. Leo ameuona moyo ukipiga.

"Sasa ndiyo amekufa?" Hélène aliuliza.

Tabia akatafsiri. Daktari akajibu kwamba kwa sheria alikufa jana.

"Jana? Na moyo uliokuwa unapiga sasa hivi ni wa nani?"

Hilo nalo Tabia alilitafsiri bila kulipunguza. Daktari akaeleza kwamba moyo waweza kupiga wenyewe kwa muda hata ubongo ukiwa umekufa. Hélène akasikiliza mpaka mwisho, akavuta shuka, akamfunika mwanawe mabega kama anayeogopa asipatwe na baridi.

Hospitali iliandika kwamba alikufa Jumanne. Kwenye msalaba wa kaburi mama aliamuru iandikwe Jumatano. Siku ya mazishi Tabia alisimama nyuma kabisa, kwa aibu, hadi Hélène alipomwona. "Dada, kuja hapa," akamwita, akamshika mkono mpaka udongo ulipokwisha.

Tabia bado anafagia wodi zile zile. Akiitwa kutafsiri, humvuta daktari nje ya mlango kwanza, amuulize mara mbili ni habari gani, ndipo aingie.