Mgeni wa Uani

Mtaa mzima ulimwita Opareta, na jina hilo hakuliokota njiani. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye swichibodi ya hospitali kubwa, chumba kisicho na dirisha, visikizi masikioni, akiunganisha watu ambao wengine hakuwahi kuwaona uso. Daktari mkuu akipiga simu, Opareta alimjua kabla hajatamka neno, kwa jinsi tu alivyovuta pumzi. Alimjua mlevi aliyejikaza aonekane mzima. Alimjua aliyetoka kulia akanawa uso. Kuna wanaojivunia watoto, kuna wanaojivunia nyumba. Yeye alijivunia masikio, na wala hakuwa anatia chumvi.

Alipostaafu, masikio yale yakakosa kazi. Goti nalo likaanza ukorofi, kutoka kwenda mbali ikawa shughuli. Mumewe alikuwa fundi bomba mstaafu, na hata mkewe alimwita Fundi tu. Huyo akishakunywa chai alikwenda zake kwa kinyozi wa pale kwenye kona kupiga soga hadi jua likolee, na nyumba ikabaki kimya kiasi kwamba Opareta alisikia friji ikinguruma chumba cha pili. Siku nyingine hakubadilisha hata nguo za kulalia. Hakuwa mgonjwa, ila alikuwa anajiishia hivi hivi.

Waliomwinua ni ndege. Uani kwao hakukuwa na cha maana: tangi la maji, kamba ya nguo, ukuta wa matofali ambao haukuwahi kupigwa lipu, na mpera mmoja mkubwa. Akawa anakaa asubuhi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na kikombe chake. Alianza na shomoro, maana hao hawatafutwi, wanakuja wenyewe na ugomvi wao. Kisha akawajua tetere, akamjua chozi mwenye mdomo uliopinda, akawajua minana wanaosuka viota huku wakitukanana. Akanunua darubini ya mtumba yenye jicho moja lililoingia ukungu, na kitabu cha ndege chenye picha. Lakini kwa kawaida sikio lilitangulia, jicho lilikuja kuthibitisha tu. Alisema, "Huyo kurumbiza," akaendelea kunywa chai, na baada ya muda kurumbiza akatokeza kwenye mpera bila haraka.

Akajiunga na chama cha watazama ndege. Mwenyekiti wao, mama mmoja mpole aliyekuwa akifundisha baiolojia, alimpenda mara moja. Mikutanoni wenzake walimwekea kiti cha mbele na kumpigia miluzi ya ndege waliowasikia mashambani, naye akawatajia majina. Opareta akaanza tena kupiga pasi magauni yake.

Ndipo alipokuja Mgeni. Asubuhi moja, katikati ya kelele za shomoro, ilisikika sauti ambayo hakuwahi kuisikia: mbili fupi zikipanda, halafu moja ndefu ikishuka taratibu. Aliitafuta sauti kwa darubini, akaona majani matupu. Akafungua kitabu toka jalada hadi jalada, hakuna ndege aliyeelezwa kwa sauti ile. Siku hiyo alipika huku akiimba, hadi Fundi akaja kusimama mlangoni kumtazama.

Tangu hapo Mgeni akawa anakuja karibu kila asubuhi, daima ndani ya mpera, daima hajionyeshi. Opareta hakukata tamaa. Alimweleza kila aliyempa sikio, na aliyempa kwa moyo mkunjufu kuliko wote ni kinyozi.

"Mama, vipi, Mgeni kaimba leo?" aliuliza kinyozi kila Opareta alipompitia.

"Kaimba, tena mara mbili! Nakwambia yule si wa huku. Anapita tu, siku moja ataondoka."

"Ataondoka aende wapi, mama, na hapo kwako anapendwa hivyo?" Na kinyozi akainama ghafla kutafuta kitu kwenye droo.

Fundi mwenyewe alikuwa msikivu ajabu. Jioni aliuliza Mgeni aliimba vipi, kwa sauti ya juu au ya chini, na Opareta alimpigia mluzi ule, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejifunza. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikiliza namna ile. Opareta akaona kumbe uzeeni mtu anaweza kupendwa upya.

Mwishowe chama kikaamua: Jumamosi wanakuja wote, na chombo cha kunasia sauti, ili Mgeni ajulikane ni nani. Opareta alipoambiwa alitokwa na machozi mbele za watu. Ikiwa ni ndege asiyewahi kuonekana upande huo, basi ni masikio yake yaliyomgundua.

Wiki hiyohiyo Fundi akaumwa jino, la mbele kabisa. Daktari wa meno aliling'oa, Fundi akarudi nyumbani na pamba mdomoni, anaongea kama mtoto. Kesho yake Mgeni hakuimba. Opareta akahangaika, akasema ameshahama, jamani, kabla ya Jumamosi! Fundi alimwona akizunguka uani na goti lake bovu, akasema, "Thubiri, mke wangu, atarudi." Wakacheka wote wawili.

Akarudi kweli asubuhi iliyofuata. Mbili fupi zikapanda vizuri. Ile ndefu ikatoka na upepo.

Opareta akaganda. Ilirudiwa, na upepo ukapita tena palepale, fyuu, kama unavyopita kwenye pengo. Watu wengine wangesema ndege ana mafua. Yeye aliweka kikombe chini, akasimama, akaenda si kwenye mpera bali nyuma ya tangi la maji, ambako Fundi alinawa uso kila asubuhi. Alimkuta ameinama, mdomo kwenye kiwiko cha bomba la plastiki. Bomba lilitokea hapo, likapita nyuma ya ukuta wa bafu, limefungwa kwa waya vizuri, kazi ya fundi hasa, likapanda upande usioonekana kutoka ngazini hadi katikati ya matawi. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini masikio yake yalishindwa. Sauti ilikuwa ikipita safari nzima kabla ya kumfikia.

"Lini?" ndilo neno pekee alilopata.

"Wa kwanza alikuwa wa kweli," Fundi alisema haraka. "Haki ya Mungu. Siku ile ya kwanza alikuwa ndege. Ukafurahi, ukaimba jikoni. Kesho yake hakuja, ukakaa pale ngazini hadi chai ikapoa. Nikasema siwezi kukuona ukirudi kule kule. Nilitaka siku mbili tatu tu."

Pengine angemsamehe hapo. Mtu anayetaka kukufurahisha, hata akikosea, unajua pa kumweka. Lakini alikuwa ameshika lile bomba, na akakumbuka droo ya kinyozi.

"Kinyozi anajua?"

Fundi akatazama ndala zake.

"Nimekuuliza. Kinyozi anajua?"

"Nilimwambia kwa utani tu."

"Na nani mwingine?"

Fundi akakaza koki ya tangi iliyokuwa imekazwa. Basi wote. Wote pale kijiweni kwa kinyozi walikuwa wakimwuliza habari za Mgeni na kumwacha ajieleze, ajisifu, awapigie hata mluzi wenyewe barabarani, kisha akigeuka wanashika mbavu. Na aliyewapa kicheko hicho ndiye aliyemuuliza kila jioni, kwa sauti ya juu au ya chini. Hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anajifunza kumdanganya vizuri zaidi.

"Jumamosi waambie amehama," Fundi alimsihi. "Ndege si wanahama? Hakuna atakayejua."

"Yaani na mimi nidanganye, ili wewe usiaibike?"

Hakuongea naye tena hadi Jumamosi. Fundi alilitia kiraka shuka, akatengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa bovu, akamletea chai asiyoiomba. Bomba la kwenye mpera alitaka kulishusha, mkewe akamwambia kwa kidole tu: liache.

Wakaja, wamevaa rangi za majani, wananong'ona. Mwenyekiti alisimamisha chombo chake cha sauti karibu na kamba ya nguo, wakakaa kwenye viti vya plastiki, nyuso zimeinuka. Opareta alikuwa na gauni lililopigwa pasi.

"Fundi," aliita.

"Naam."

"Wageni wamekaa. Nenda kwenye tangi."

"Mke wangu, tusifanyiane hivi mbele za watu."

"Mbele za watu ulianza wewe."

Akaenda, mabega yameshuka. Wageni walitazamana. Kisha ikatoka ndani ya mpera: mbili fupi zikipanda, na moja ndefu ikishuka, yenye upepo. Mwenyekiti aliinua darubini. Akaishusha polepole, akilifuata bomba kwa macho, kutoka kwenye majani hadi ukutani, kutoka ukutani hadi kwenye ndala zilizoonekana chini ya tangi. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa, akaanza kukunja waya wa kile chombo.

Opareta alidhani akimwaibisha atapumua. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, isipokuwa jambo moja. Ile sauti ya kwanza ilipopanda, kabla hajafikiri lolote, moyo wake uliruka kwa furaha vilevile, na shingo yake ikageuka yenyewe kuutazama mti. Fundi, asiyejua kama imetosha, akaanza tena kuimba. Opareta akaziba masikio yake kwa viganja, mbele ya wageni wote, na kuyakandamiza.