Trekta la Baba Lilivyokosa Pumzi

Baba yangu alikuwa na trekta dogo la kukata nyasi, lile ambalo mtu anakaa juu yake na kushika usukani kama yuko barabarani, na mtaa wetu wa Pasiansi ulicheka mpaka ukazoea. Wenzetu walikuwa na mbuzi. Asiye na mbuzi alikuwa na fyekeo. Sisi tulikuwa na mashine yenye kiti, na kila Jumamosi asubuhi mzee wangu alikikalia kile kiti akiwa na shati lililopigwa pasi, utadhani nyasi zimemwalika.

Hakulinunua. Tangu ujana wake alitunza bustani ya nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, na wenyewe walipofunga biashara wakampa lile trekta kama shukrani. Mama alisema wangempa ng'ombe angeelewa. Sisi ni Wasukuma, na shukrani isiyo na kwato ilimtia mashaka. Lakini baba alipopanda nyasi kuanzia barazani mpaka karibu na maji, na trekta likawa linapita juu yake na kuacha mistari, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa kiti nje. Alikaa pale akimenya viazi vitamu. Kila baba alipopita mbele yake alivua kofia kidogo, na mama alijifanya hajaona. Niliwatazama wakifanya hivyo miaka na miaka, na sikuwahi kuchoka.

Kisha mikono ya baba ikaanza kutetemeka. Ugonjwa wenyewe haukuwa na haraka; ulimnyang'anya vitu kimoja kimoja. Ulianza na wembe, akawa ananyolewa na mama. Ukafuata kikombe, kikawa kinajazwa nusu. Baadaye ukachukua vifungo vya shati. Ila kwenye usukani wa trekta, sijui kwa nini, mikono ile ilitulia. Pengine mtikisiko wa mashine uliumeza wa kwake. Basi trekta halikuwa tena kichekesho. Lilikuwa kazi ya mwisho aliyoweza kuifanya peke yake nyumbani kwake, na sisi watatu tulijua hivyo bila kuambiana.

Kwenye trekta, kitu pekee kilichomshinda ni kumimina petroli, maana nusu iliishia chini. Mama akaichukua kazi hiyo. Jumamosi kabla ya chai alibeba dumu na faneli, akajaza tangi, akakaza mfuniko kwa nguvu zake zote, halafu akaita, "Haya mzee, ng'ombe wako ameshakunywa maji."

Mwaka mmoja, masika yalipoisha, trekta likaanza tabia mpya. Lilikuwa linawaka vizuri, linakata nyasi mzunguko mmoja, pengine na nusu, halafu sauti inafifia, linakohoa na kuzima. Ukisubiri kidogo linawaka tena, linasogea, linazima tena. Baba alibaki amekaa katikati ya uwanja, mikono imerudi kutetemeka, na mama anavikazia macho viazi vyake ili asimtazame yeye. Roho iliniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Mimi ni mtu wa ofisi, kule Nyamagana, na mikono yangu imezoea karatasi. Lakini nililelewa na mtu aliyefungulia mashine juu ya meza ya chakula, na hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia, "Baba, hili ni tatizo la mafuta. Ingekuwa plagi lisingewaka vizuri hivi. Tulifungue."

"Tulifungue, mama," akasema. Aliniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Tulianza na petroli yenyewe. Nikachomoa mpira wa mafuta chini ya tangi ili tuimwage ile ya zamani. Ilitoka vizuri, ikapungua, ikawa tone tone, ikakata, na tangi bado zito. Nikasema ni uchafu. Baba akasema ni wadudu wa ziwani. Asiyewajua wadudu wale aje kwetu siku wanapoinuka majini kama moshi: wanaingia puani, wanaingia kwenye chai, na kwa baba hapakuwa na kasoro duniani ambayo wao hawakuhusika nayo. Nikaupuliza ule mpira kwa mdomo mpaka nikaonja petroli. Mafuta yakatoka tena kwa kasi, nami nikajiona fundi mkubwa.

Jumamosi iliyofuata, mzunguko mmoja na nusu, kimya.

Nikaenda Mirongo kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi, ambaye ukoo wake uliingia Mwanza kabla wa kwetu haujatoka kijijini, na ambaye Kisukuma chake kinanishinda mimi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho. Akanipa filta ya pikipiki, ile ya plastiki inayoonyesha ndani.

"Hii utaona kwa macho yako, binti yangu," akasema. "Ikikauka, ujue mafuta hayafiki."

Tukaifunga. Trekta lilipozima, filta ilikuwa kavu kabisa. Kwa hiyo mafuta hayakuwa yanafika, jambo ambalo nililijua kabla sijapanda bodaboda kwenda Mirongo.

Tukashusha kabureta. Mama alitutolea karai lake la kuoshea vyombo bila kunung'unika, na kwa anayemjua mama yangu hiyo ni dalili ya mtu aliyekata tamaa. Baba alikaa kando yangu kwenye mkeka. Hakuweza kushika bisibisi, lakini alijua kila skrubu ilipolala, akanielekeza: legeza hapo, usivute, hapo pana springi itaruka. Nikazibua vitundu kwa waya mwembamba, nikasafisha bakuli lake mpaka likang'aa. Alinisimulia ya ile bustani ya wageni, jinsi alivyojifunza kuendesha kwa kuzunguka maua huku akiogopa kuyakata. Nikiulizwa leo ni siku gani ya baba yangu ningependa kurudishiwa, nitaitaja ile, na vidole vyangu vinavyonuka petroli.

Haikusaidia. Tukabadilisha na pampu ya mafuta. Mzunguko mmoja na nusu. Nikalipiga teke tairi. Kidole changu cha mguu kikavimba, trekta likabaki vilevile.

Baba hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alilipapasa boneti akasema, "Limechoka. Hata mimi nimechoka. Tusilitese." Mwenyewe ndiye aliyeagiza mnunuzi wa vyuma chakavu aitwe. Tangu siku hiyo hakuuliza tena shati lake la Jumamosi liko wapi. Alikaa barazani akitazama nyasi zikirefuka, na mama akawa anamenya viazi jikoni, kwa sababu nje hapakuwa na cha kutazama.

Mnunuzi alikuja Jumamosi na mkokoteni wake. Mama alikuwa amejaza tangi kama kawaida, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkataza, kisha akajifungia ndani. Baba akakataza trekta lisisukumwe. Alitaka kuliendesha mwenyewe mpaka getini. Likawaka, likashuka, likazunguka uwanja wote mara moja kwa kuwa hakuweza kujizuia, na likazima hatua chache kabla ya geti. Akashuka taratibu.

"Petroli siyo chuma," akamwambia yule mtu, kisha akanigeukia. "Mwanangu, itoe kwanza."

Nikashika mfuniko wa tangi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuushika, maana kujaza ilikuwa kazi ya mama. Ulikuwa mgumu ajabu. Ulipoachia, tangi lilivuta hewa fyuuu, kama mtu aliyezibwa mdomo na kuachiwa, na mbele ya macho yetu ile filta kavu ikajaa mafuta. Ndani ya mfuniko kulikuwa na kipande cha nailoni ya bluu, kimekunjwa vizuri, kimekazwa pande zote.

Hapo hatukuhitaji kuambiwa na mtu. Mama yangu huweka nailoni chini ya kila mfuniko. Dumu la maziwa, chupa ya mafuta ya taa, kopo la samli inayokuja kwa basi kutoka kijijini: kwake mfuniko bila nailoni haujafungwa. Nilipokwenda shule ya bweni hata mafuta yangu ya kupaka yalifungwa hivyo, na ndiyo maana yalifika. Tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku amehifadhi ya zamani chini ya godoro. Nikakumbuka kwamba kwenye masika yale petroli ilikuwa ikirukia suruali ya baba kwenye mteremko, na mama ndiye aliyekuwa akiifua. Akaizuia kwa njia anayoijua. Mfuniko ule una kitundu juu, cha kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua, na yeye alikuwa amekiziba.

Nikaanza kucheka. Nikafungua mdomo nimwite, "Mama! Njoo uone..."

Baba akanishika mkono. Akakitazama kile kipande cha nailoni, akakitia mfukoni, akapanda, akawasha. Yule mnunuzi tulimpa kitanda cha chuma kilichovunjika, akaondoka ameridhika. Baba akakata uwanja mzima, mpaka majini na kurudi, na mama akatoka mbio na kisu mkononi akipiga vigelegele.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Uchafu tu kwenye mpira," baba akajibu. "Mwanao kaupata."

Jumamosi iliyofuata mama akajaza tangi, akakata nailoni mpya, akakaza. Baba akaondoka, akavua kofia mbele ya baraza, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya lile jiwe kubwa lililoko chini ya uwanja, mahali ambapo kutoka barazani hapaonekani. Akasimama. Nilimfuata nikamkuta anahangaika na mfuniko kwa mikono yake inayotetemeka, anatoa nailoni. Alipomaliza kukata nyasi alirudi palepale akairudisha.

"Baba, si umwambie tu?"

"Nimwambie nini? Kwamba siku zote zile alizokuwa analia jikoni, ni yeye aliyekuwa ananizima?" Akanipa mfuniko nimkazie. "Hilo halitatoka kichwani mwake. Namjua."

Aliendelea hivyo mpaka mwaka aliofariki. Sasa uwanja naukata mimi, na mama bado anajaza tangi, bado anaweka nailoni, bado anakaa barazani na viazi vyake. Juzi nilipomaliza na kuja kunywa chai, alinitazama, akatikisa kichwa.

"Baba yako, Mungu amrehemu, hakuweza kumaliza uwanja bila kwenda nyuma ya lile jiwe kujisaidia. Akianza, huyo. Akimaliza, huyo. Nilikuwa namwonea huruma, mzee wa watu, nikajifanya sioni." Akanisogezea sahani. "Na wewe siku hizi umeanza. Umerithi kibofu cha baba yako."

"Nimerithi, mama," nikamwambia.